Lori Lililopumulia Juu

Wanaume wengine huoa mke wa pili. Wangu alipewa lori aendeshe. Nasema hivi kwa sababu tangu siku lile lori lilipoletwa Mtwara nilijua kwamba nimepata mwenzangu, na mwenzangu huyo alikuwa mnene, mwenye sauti nzito, na kila jioni alifutwa kwa kitambaa kisafi kuliko kile nilichofutia meza yangu.

Lori lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la tajiri mmoja wa Kihindi ambaye ukoo wake ulikuwa na duka Mikindani tangu enzi za babu zake. Miaka ile bandari ya Mtwara ilipokuwa ikijengwa, alifungua duka la pili mjini, akatafuta gari la kumletea mpunga, korosho na makopa ya muhogo kutoka vijiji vya Ruvuma. Akalipata mnadani, katikati ya mitambo iliyochoshwa na mashamba ya karanga kule bara. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa ya petroli. Hili lilikuwa la dizeli, na mume wangu alilitamka neno hilo, "dizeli", kama mtu anayetaja cheo cha shemeji yake serikalini.

Tulikaa Magomeni. Mimi ni mtoto wa Mikindani, nimelelewa kwenye maneno mengi na vikombe vidogo vya kahawa. Yeye alikuwa Mmakonde wa Mahurunga, mpole, mzito wa kusema. Ukimuuliza habari za mama yake alijibu kwa neno moja. Ukimuuliza habari za injini, chai ilipoa.

Basi kiangazi cha kwanza lori likaanza kuugua. Njia ya Mahurunga ilikuwa mchanga na vumbi mwanzo hadi mwisho, vumbi lile jekundu linaloingia hadi ndani ya yai. Lori lilitoka Mtwara likiunguruma vizuri, lakini likishapata mzigo na kukuta kilima, lilipunguza mwendo, likakohoa, likatoa moshi mweusi kama wa chungu kilichoungua. Wanawake wenye mizigo kichwani walilipita. Mume wangu aliniambia mwenyewe kwamba kuna bibi kizee aliyelipita akiwa na mtungi wa maji, akageuka akamwuliza, "Mwanangu, nikusaidie?"

Alilipeleka kwa fundi. Huyu fundi alikuwa na kibanda nyuma ya duka la tajiri, penye msumeno wa chuma, spana, na mitungi ya gesi ya kuchomelea aliyoipata kwa watu wa bandarini. Alikuwa Myao, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili, hajaoa, akiishi na mama yake pembeni mwa mji, pale njia ya Mahurunga inapoingilia. Yeye na mume wangu walikuwa watani, kwa hiyo hapakupita siku bila kutukanana kwa mapenzi.

"Mtani," fundi alimwambia siku hiyo, nami nilikuwepo, nimempelekea mume wangu chakula, "gari lako halina ugonjwa. Umeliziba pua."

Akafungua bakuli la chujio la hewa. Chujio lile lilikaa chini, nyuma ya gurudumu la mbele, na ndani yake mlitakiwa kuwe na mafuta ya kunasa vumbi. Mafuta hayakuwepo tena. Palikuwa na kitu kizito, cheusi, kama uji wa ulezi uliolala.

"Injini inakula na inapumua," fundi akaeleza. "Ukiipa chakula ukainyima pumzi, chakula hakiivi. Ule moshi mweusi ni dizeli mbichi. Na aliyetengeneza gari hili aliiweka pua yake hapa chini, palepale tairi inapotimua vumbi. Kwao labda kuna majani kila mahali. Hapa ni Mtwara."

"Tufanyeje?" mume wangu akauliza.

"Pua iende juu."

"Juu wapi?"

Fundi akaonyesha paa la kebini, kisha akaonyesha juu zaidi. Mume wangu akatazama huko juu kwa furaha ambayo siku ya ndoa yetu sikuiona.

Tajiri ndiye alikuwa hataki. Alitoka dukani kwake, kofia kichwani, miwani puani, akalizunguka lori lake. "Mnataka kulitoboa boneti? Gari zima? Watu wa Ulaya wamesoma, wakaiweka pale, na nyinyi mnataka kuwasahihisha?" Akakataa katakata, akarudi ndani.

Kilichomgeuza ni makopa. Kule Mahurunga watu huanika muhogo kando ya njia, kwenye mikeka na juu ya mawe, mpaka ukauke na kuwa mweupe kama chokaa. Bomba la moshi la lori lile lilitokea chini ubavuni, likiangalia nje. Siku moja mume wangu alisimama pale kijijini kupakia, akaiacha injini ikinguruma kwa sababu aliogopa akiizima haitawaka tena. Alipomaliza kupakia, makopa ya nyumba nzima yalikuwa yamegeuka rangi. Mama mwenye makopa hakupiga kelele. Alichukua kopa moja, akalinusa, akampa mume wangu alinuse, kisha akasema, "Haya sasa ni ya tajiri wako." Akayapakia yote. Tajiri aliyapokea, akayanusa naye. Halafu akamwita fundi.

"Hilo bomba la moshi pia liende juu," alisema. "Na kama mnaliinua hilo, basi inueni na pua. Lakini msiniharibie rangi."

Kazi ilifanyika mwezi wa Ramadhani, kwa sababu mwezi ule safari zilipungua. Kwenye lundo la vyuma vilivyotupwa bandarini walipata mabomba ya maji, mazito, yenye viwiko. Fundi alikata boneti ubavuni kwa msumeno huku tajiri akiwa amejifungia dukani asisikie. Bomba la kwanza, la hewa, lilitoka kwenye chujio, likapita kwenye tundu, likapanda pembeni mwa kioo cha mbele mpaka juu ya paa. La pili, la moshi, lilitoka chini upande wa dereva, likapindishwa nyuma ya kebini, nalo likapanda. Palipokutana bomba na bomba kwenye njia ya hewa walivika mpira wa ndani wa tairi, wakaufunga kwa waya. Mume wangu alirudi nyumbani jioni midomo imekauka kwa saumu, akanieleza kila kiwiko. Nilikuwa nakaanga sambusa. Nilisema "Ehe" mahali panapofaa.

Siku ya kujaribu nilipita pale nikitoka sokoni. Injini ilikuwa inawaka, na fundi yuko juu ya paa la kebini ameziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao.

"Nikiziba hapa," alinieleza kutoka juu, "injini inatakiwa ife. Isipokufa, maana yake inaiba hewa mahali pengine, na ikiiba hewa inaiba na vumbi."

Injini haikufa. Iliendelea kunguruma kwa raha zake. Fundi akashuka, akazunguka, akaweka sikio, akaweka kiganja, asipate kitu. Sauti ilikuwa kubwa mno.

"Ningekuwa na sigara," akasema, "ningeona moshi unavutwa wapi."

Mume wangu akamtazama. Wote wawili walikuwa wamefunga. Mchana ule wa Ramadhani, mjini, nyuma ya duka, nani angewasha sigara? Wakakaa chini wamekata tamaa, wanaume wawili wazima, kama watoto walionyimwa kishada.

"Moshi ni sigara tu?" nikawauliza.

Nilikwenda nyumbani nikarudi na chetezo changu, makaa yamewaka, nikatia udi kidogo. Fundi alikipokea kwa adabu, akawa anakipitisha polepole kando ya bomba, kama mtu anayefukiza nyumba ya maharusi. Moshi ulipanda wima, ukapanda wima, na ulipofika kwenye kiungo cha pili ukainama ghafla, ukaingia chini ya mpira kama mjusi aingiavyo ukutani.

"Huyo!" fundi akapiga kelele. Waliufungua ule mpira, wakaukaza upya kwa waya maradufu, fundi akapanda tena juu na ubao wake. Safari hii injini ilitetemeka, ikapiga kwikwi, ikazima. Wakakumbatiana kwa sababu imezima. Mimi nimeishi miaka mingi na sijaona tena watu wakishangilia gari kufa.

Lori lilinukia udi hadi saa ya futari. Nalijua hilo kwa sababu nilirudi tena pale kwa hasira. Nilikuwa natafuta sufuria yangu ya uji, sufuria nzuri ya aluminiamu niliyoletewa na mama, na mtoto wa jirani akaniambia ameiona. Iliona dunia kuliko mimi. Ilikuwa imefunikwa juu ya bomba la hewa, imeshikwa kwa vipande vitatu vya chuma, kuzuia mvua isiingie.

"Inafaa kabisa," mume wangu alisema. "Kama ilitengenezwa kwa ajili yake."

"Na uji wa futari nipikie kwenye boneti?"

Fundi akajifanya anatafuta spana.

Sitasema uongo: lori lilipona. Lilipanda vilima na mzigo wake bila kukohoa, na bakuli la chujio lilikaa safari nyingi bila kugeuka uji. Lakini palikuwa na jambo moja. Katika kulipandisha lile bomba la moshi, kile kikopo cha chini kinachopunguza sauti hakikupata nafasi, wakakiacha. Mume wangu alisema ni kwa sababu ya nafasi. Mimi naamini aliipenda ile sauti. Lori lilipowashwa, kuku wa Magomeni waliruka. Lilipoingia Mahurunga mara ya kwanza, watu walitoka mashambani kuja kuona ni nini kinachokuja, na mama mkwe wangu aliingia ndani akafunga mlango, akagoma kufungua hata mwanawe alipobisha. "Mwanangu haji na ngurumo," alijibu kutoka ndani.

Kwa upande wangu sauti ile ilikuwa na faida ambayo mwenyewe hakuifikiria. Dereva mwingine angerudi mjini akapita anakotaka. Wangu nilimsikia akiwa bado porini. Nilikuwa na muda wa kupuliza moto, kupasha mchuzi, na kuvaa kanga nyingine. Majirani walinitania, "Mumeo anapiga hodi kutoka Mahurunga." Shangani, walikokaa Wazungu wa bandari, hawakuitania. Tajiri aliitwa ofisini kwao akaambiwa kwamba gari lake lisipite ufukweni saa za mapumziko ya mchana. Alirudi ameinamisha kichwa mbele ya watu, lakini nilimwona akitabasamu alipofika dukani. Hakuna kitu chake kilichowahi kutajwa ofisini kabla ya hapo.

Halafu ikaja habari ya masizi.

Mume wangu alikwenda Mahurunga mweupe wa nguo na akafika mweupe. Alirudi mweusi. Na si vumbi, masizi hasa: uso, shingo, masikio, kanzu. Mara ya kwanza alipoingia uani hivyo, palikuwa na wanawake wanne wamekuja kunisuka. Alisema "Hodi", meno yake yakaonekana, na macho. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mmoja wa wale wanawake akamwuliza kama amehamia ndani ya jiko. Mwingine akaniambia nimtazame vizuri asije akawa si yeye. Alisimama pale akingoja tumalize, na hatukumaliza.

Tangu siku ile akaanza kurudi safi. Safi kupita kiasi. Shati limebadilishwa, nywele zina maji, ananukia sabuni. Nikamshukuru Mungu. Ila masikio yangu, yaliyozoea kulisikiliza lori lile, yakaanza kusikia kitu. Lilikuwa linakuja likinguruma kutoka porini, likifika pembeni mwa mji linanyamaza. Kimya. Nilikuwa nimeshapasha mchuzi, ukapoa. Baadaye likawaka tena, likaja.

"Mbona umechelewa?" nilimwuliza.

"Njia mbaya," akajibu. Neno lake moja, sasa mawili.

Pembeni mwa mji pale, jirani na nyumba ya mama wa fundi, palikuwa na mwanamke aliyeachwa, mzuri, mpika vitumbua. Sitaki kusema mengi. Mtu aliyelelewa Mikindani hahitaji kuambiwa mambo mara mbili. Alasiri moja nilivaa baibui, nikaenda mapema, nikakaa barazani kwa jirani mmoja, nikaagiza vitumbua, nikala nikimkazia macho yule mwanamke. Vitumbua vilikuwa vitamu, jambo lililonikasirisha zaidi.

Lori likaja. Likanyamaza. Mume wangu akashuka, mweusi tii, kifurushi cha nguo kwapani, akatazama huku na huku kama mwizi wa mahindi. Kisha akapita mbele ya nyumba ya vitumbua bila hata kugeuza shingo, akaingia kwa mama wa fundi.

Nilimfuata. Uani kwa yule mama, mume wangu alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kifua wazi, na yule bibi anamsugua shingo kwa makumbi ya nazi na sabuni ya kufulia, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria.

"Tulia!" bibi alikuwa anamwambia. "Nyuma ya masikio bado. Ukienda hivi mkeo atakucheka."

"Atanicheka tu, mama," mume wangu akasema. "Yule hata nikienda nimekufa atacheka kwanza."

Ndipo yule bibi akaniona. Hakushtuka. "Karibu, mwanangu," akasema. "Shika makumbi. Mkono wangu umechoka."

Nikamsugua mwenyewe. Hakugeuka kunitazama, na mimi sikucheka. Nilijaribu kwa bidii, nikauma ncha ya mtandio, lakini mabega yangu yalitikisika, naye akayasikia kwenye makumbi. "Si nilikuambia, mama," akasema, na sasa yeye mwenyewe akaanza kucheka, povu likamwingia kinywani.

Fundi alipofika kutoka kazini akatukuta hivyo. Nikamwuliza: kwa nini anakwenda safi na kurudi mchafu? Alikuna kichwa. Mama yake ndiye aliyemjibu, akiwa amekaa, anajipepea. "Kusi," alisema. "Akirudi anakuja na upepo wa kusi mgongoni. Hata mimi nikipika nimeupa upepo mgongo, moshi wote unanijia usoni."

Fundi akatoka nje, akalitazama bomba lake lililosimama upande wa dereva, sambamba na dirisha. Lori likiwa na mzigo lilikwenda taratibu kuliko upepo, na upepo ukauleta moshi mbele, ukaumwaga kwenye lile dirisha. Akalaani kidogo kwa Kiyao. Wiki ile alilihamishia bomba upande wa pili, akaliongeza urefu, akaukata mdomo wake kwa mshazari uangalie nyuma. Na kwa heshima ya kuku wa Magomeni, akaweka ndani yake kipande kingine cha bomba chenye matundu matundu. Sauti ikashuka kutoka ngurumo hadi koromo la mzee aliyeshiba. Mume wangu alisema injini imepunguza nguvu kidogo. Hakuna aliyemwuliza.

Mvua zilipokolea ndipo fundi alipooa. Alikuwa amefika Mahurunga mara nyingi kulitazama lori, na mara nyingine lori halikuwa na shida yoyote, mpaka tukagundua kwamba alikwenda kutazama kitu kingine. Msichana alikuwa wa ukoo wa mume wangu. Utani ulizidi hapo. "Nimekupa pumzi ya gari," fundi alimwambia, "nipe mke." Tajiri akatoa lori libebe harusi, kwa sharti moja: na yeye aje, na akae mbele.

Basi tukaondoka: tajiri ndani ya kebini pamoja na mume wangu, mwavuli katikati ya magoti, viatu vipya miguuni. Sisi wanawake nyuma juu ya magunia, tumeshika masufuria ya pilau, na bwana harusi kati yetu, pamoja na mama yake, kanzu nyeupe, kilemba, amekaa wima asikunje nguo. Tuliimba tangu Mtwara. Kabla ya kufika Mahurunga kuna bonde lenye kijito kinachokwenda kumwaga maji Ruvuma, na njia inakivuka juu ya mawe yaliyopangwa. Tulipofika hapo tukaacha kuimba. Kijito kilikuwa mto. Maji ya kahawia yalikuwa yanapita kwa haraka, na mawe hayaonekani. Ng'ambo tuliona watu wa harusi wamesimama, ngoma zao mikononi, wanatupungia turudi.

Tajiri alitoa kichwa dirishani. "Tutangoja yapungue," akasema.

"Yatapungua kesho," mume wangu akajibu.

Alishuka, akaingia majini kwa miguu, akipapasa kwa fito mpaka katikati, maji yakamfika kifuani. Akarudi. Akamwita mtani wake. Nao wakasimama mbele ya lori wakiongea kwa sauti ya chini, mmoja amelowa chapachapa, mwingine amevaa kanzu ya harusi.

"Pua iko juu, mdomo uko juu," nilimsikia fundi akisema. "Dizeli haina cheche ya kuzimwa na maji. Kinachobaki ni feni. Ikizunguka ndani ya maji itavunjika, au itakata rejeta."

"Basi fungua mkanda wa feni."

"Mimi? Leo?"

"Nani mwingine ni fundi hapa?"

Mama yake akapiga kelele kutoka juu ya magunia, "Kanzu! Kanzu, we mtoto!" Lakini alikuwa ameshaikunja kiunoni na kufungua boneti. Alipotoa kichwa mkanda ulikuwa mkononi, na kilemba cheupe kilikuwa na alama tano za vidole. Akauvaa mkanda shingoni kama shada la maua, akapanda.

Mume wangu alilitia lori majini polepole, bila kubadili gia, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya sufuria ya pilau. Maji yalipanda kwenye magurudumu, yakapanda kwenye boneti, yakaingia kebini, na nikaona mguu mmoja wa tajiri ukitokea dirishani, kisha wa pili, viatu vipya vyote viwili vimeangalia mbinguni. Katikati, gurudumu moja likaingia kwenye shimo. Lori likainama. Sauti ya injini ikazama, ikawa nzito, nzito zaidi, na nikasikia mtu karibu yangu akisoma shahada. Nilimtazama fundi. Hakuwa anatazama maji. Alikuwa ameikazia macho sufuria yangu kule juu, kavu kabisa, na chini yake tulisikia hewa inavutwa, fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo lakini hana nia ya kuutua.

Gurudumu likapata jiwe. Lori likajiinua, likajikung'uta, moshi ukafumuka juu, na tukaanza kupanda ukingo huku maji yakimwagika milangoni. Ng'ambo wakapiga vigelegele, na sisi tukavipokea, na ngoma zikalia palepale kwenye matope. Mume wangu alifungua mlango, maji yakatoka, kisha akatoka yeye. Tajiri alikuwa bado ameinua miguu.

"Niliwaambia tuinue pua!" tajiri akawapigia kelele watu wote wa Mahurunga. "Mimi ndiye niliyesema!"

Hakuna aliyembishia. Siku ya harusi haibishaniwi.

Fundi alioa akiwa na kilemba chenye vidole vitano. Bibi wa bi harusi alikikagua, akauliza alikuwa anafanya nini njiani. Alipoelezwa akasema afadhali, angalau wamempata mwenye kazi. Kanzu ilitolewa ya kuazima, ndefu kuliko yeye kwa kiasi cha kumfanya atembee ameishika kama mwanamke anayevuka tope, na mume wangu, aliyekuwa amekunywa chai tu, alicheka siku nzima mpaka nikamwambia inatosha, mtu ameoa.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, tukarudi na bi harusi amekaa juu ya magunia nyuma, amejifunika. Mvua ilikuwa imekata tangu alfajiri. Tulipokaribia bondeni mume wangu alipunguza mwendo, akasimama kabla ya ukingo, fundi akaruka chini kwenda kufungua mkanda wa feni.

Kijito kilikuwa kimeshuka. Mawe yote yalionekana, na maji yalipita kati yake kwa wembamba, yakimfika mtu kwenye vifundo vya miguu. Wanawake watatu walikuwa wanafua pale katikati, kanga zao zimetandazwa juu ya mawe yale yale. Mmoja aliinua kichwa, akalitazama lori kubwa lililosimama, akamtazama fundi aliyeinama kwenye boneti.

"Mnangoja nini?" akauliza. "Piteni."

Mume wangu alishuka. Alikuwa amesimama pale, mtu wa maneno machache, na nikaona jinsi alivyokuwa anatafuta mengi. "Jana," akamwambia yule mama, "maji yalikuwa hapa." Akaweka kiganja kifuani.

Yule mama akatazama kile kiganja. Akatazama maji. "Haya, baba," akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, akaipiga kanga yake jiweni.

Tajiri naye akateremka kusaidia. "Hapa!" akasema, akaonyesha shingoni.

Ndipo yule mama alipoacha kufua na kuwaita wenzake waje wasikilize.